Kabla hujakiacha kicheza muziki chako cha zamani, uliza kipya kitakufa vipi

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mkuu, habari za kazi. Nina kicheza muziki cha diski alichoniachia kaka yangu. Kinawaka, kinapiga vizuri, ila chaji haikai. Nimekusanya hela kidogo, nataka vile vipya vya Android vyenye skrini kubwa. Wenzangu ofisini wananiambia natembea na tofali. Ninunue kipya au nikomae na hiki? Nijibu kwa kifupi tu."

Kwa kifupi sitaweza, ndugu yangu. Umenigusa penye kidonda. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, na mtu niliyemheshimu, mbele ya watu, na sijasahau. Kama ni lazima upate jibu la mstari mmoja, basi ni hili: usiulize kipi kinalia vizuri zaidi, uliza kila kimoja kitakufa kwa ugonjwa gani na siku hiyo utakuwa na uwezo wa kufanya nini. Haya mengine yote ni maelezo ya jibu hilo.

Naamini sisi tunaofuatilia mambo haya tunataka kitu kimoja. Tunataka muziki wetu, tulioukusanya na kuupanga wenyewe, upigwe bila matangazo, bila bando kuisha, bila simu ya bosi kuingia katikati ya wimbo. Kama simu yako inakutosha, sikubezi, endelea nayo kwa amani. Ila ukiendelea kusoma utachoka bure.

Wengi wanaovicheka vifaa hivi hawajui vilikotoka. Vicheza vya kwanza vya MP3 kuuzwa kwa wingi vilitoka mwaka 1998: MPMan F10 ya kampuni ya Saehan ya Korea Kusini, kisha Rio PMP300 ya Diamond Multimedia. Memori yake ilikuwa megabaiti 32. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kila dakika, kwa hiyo mfukoni ulikuwa na nusu saa ya muziki, basi. Na kwa nusu saa hiyo chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani, RIAA, kilikwenda mahakamani kutaka Rio izuiwe. Kilishindwa. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa iliona kwamba kifaa kile kinahamisha tu faili ambazo mtu tayari anazo kwenye kompyuta yake. Kesi ile ingeamuliwa vingine, sijui kama leo tungekuwa na cha kulinganisha.

Vikafuata vicheza vyenye diski ndani, ile inayozunguka kama ya kompyuta. Personal Jukebox ilitoka mwaka 1999, na mwaka 2000 Creative wakaleta Nomad Jukebox ya gigabaiti 6, yenye umbo na ukubwa wa kicheza CD cha kubebwa. Tarehe 23 Oktoba 2001 Apple wakaonyesha iPod ya gigabaiti 5 iliyoingia mfukoni, kwa sababu walipata diski ndogo ya inchi 1.8 kutoka Toshiba. Ndani yake kulikuwa na ujanja ninaoupenda hadi leo. Kati ya diski na sauti kulikuwa na memori ya megabaiti 32. Diski inazunguka, inasoma nyimbo kadhaa za mbele, inaziweka kwenye memori hiyo, inasimama. Wewe unasikiliza kwa dakika kama 20 huku diski imetulia, betri inapona, na hata ukikimbia wimbo hauruki. Ndiyo maana ukikiweka sikioni kicheza cha diski utakisikia kinaamka, kinasaga kidogo, kinalala tena. Watu hudhani ni ugonjwa. Ndivyo kinavyofanya kazi.

Changu ni cha ukoo huo, cha katikati ya miaka ya 2000. Chapa sitaitaja kwa sababu huko mbele nitakisema vibaya. Nilinakili CD zangu zote, moja baada ya nyingine. Nikaandika majina ya wasanii kwa herufi sahihi, mwaka wa albamu, mpangilio wa nyimbo, nikatafuta picha za majalada. Mtu asiyewahi kuifanya kazi hiyo hawezi kuelewa kwa nini mtu mzima anakilinda kifaa chenye mgongo uliojaa mikwaruzo. Ile si mashine tu, ni usiku mwingi wa kazi yangu.

Kisha vikaja vicheza vya kizazi kipya. Astell&Kern, chapa iliyoanzishwa na iriver, ilitoa AK100 mwaka 2012. FiiO wakatoa X3 mwaka 2013, na mwaka huohuo Sony wakatoa NW-ZX1. Ghafla yakaanza mashindano ya namba: biti 24, kilohezi 192, kilohezi 384, DSD (mfumo mwingine wa kuhifadhi sauti), chipu mbili za kubadilisha namba za faili kuwa sauti, chipu nne. Mwaka 2016 Sony walitoa NW-WM1Z yenye ganda la shaba iliyopakwa dhahabu, uzito wake karibu nusu kilo. Halafu mimi ndiye naambiwa natembea na tofali!

Aliyenicheka alikuwa rafiki yangu, na zaidi ya rafiki. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Ndiye aliyenionyesha kwamba kwenye wimbo niliodhani naujua kuna gitaa la pili lililojificha nyuma ya kinanda. Aliponunua kicheza kipya cha Android alikuja nacho kwenye kikao chetu, kila mtu akakishika, skrini inang'aa, kava la ngozi. Akakinyanyua changu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi ya mtoto, akauliza kama bado nalibeba tofali hili. Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nilimwonea wivu, nasema kweli, na nyumbani sikulala vizuri.

Nikajinyima, nikanunua kipya. Siyo kama chake, cha chini kidogo, lakini kipya.

Majuma ya mwanzo nilisikia tofauti kila mahali. Besi imeshuka zaidi, waimbaji wamesogea mbele, ngoma zimepata hewa. Nilifurahi sana. Furaha iliingia doa nilipogundua jambo dogo: kwenye alama ileile ya sauti, kipya kilikuwa kinalia kwa nguvu zaidi. Sikio lina udhaifu unaojulikana. Lipe sauti mbili zinazofanana, moja iwe kubwa kidogo tu, kidogo kiasi cha kutoweza kusema ni kubwa, nalo litakuambia hiyo ndiyo safi zaidi. Anayeuza vifaa analijua hilo kuliko wewe.

Kwa hiyo nilifanya jaribio, na naombeni mnivumilie hapa kwa sababu najivunia. Niliazima mita ya umeme kwa fundi. Nikatengeneza faili ya mlio mmoja wa hezi 60, maana mita za kawaida zimeundwa kupima umeme wa ukutani ambao ni hezi 50 au 60; ukizipa mlio wa kilohezi moja au zaidi, nyingi zinakupa namba za uongo. Nikapima volti zinazotoka kwenye kila kicheza, hedifoni zikiwa zimechomekwa, nikawa napandisha hapa nashusha pale mpaka zikalingana. Vyote viwili nikavijaza faili zilezile za FLAC, aina inayobana muziki bila kupoteza chochote, nilizonakili kutoka kwenye CD zangu. Kicheza cha zamani hakikujua FLAC kilipotoka kiwandani, lakini nilikuwa nimekiwekea Rockbox, programu ya bure iliyoanza mwaka 2001 kwa ajili ya vicheza vya Archos na baadaye ikahamishiwa kwenye iPod nyingi, iriver, Cowon na SanDisk. Ekwalaiza nikazima kote. Halafu nikamwalika mwalimu wangu.

Alikaa ameipa meza mgongo. Mtu wa tatu alikuwa anahamisha waya bila kusema neno, na kila mara alirusha sarafu kuamua kipi kianze. Nyimbo alichagua yeye mwenyewe, zile anazozijua hadi pumzi za mwimbaji. Mwanzoni alijibu haraka, kwa kujiamini, "kipya, kipya, cha zamani." Kadiri tulivyoendelea alianza kuomba arudiwe. Mwisho wake majibu sahihi na yasiyo sahihi yalikaribiana sana, sawa na ya mtu anayebahatisha. Nikakaa mimi kwenye kiti kile, mambo yakawa hayohayo.

Mnajua alisema nini? Alisema hedifoni zangu ndizo mbovu. Akavaa viatu, akaaga. Bado ni marafiki, lakini jaribio lile halijatajwa tena kati yetu, na si mimi niliyeamua lisitajwe.

Sasa asije mtu akanukuu kwamba nimesema vyote ni sawa. Zipo sehemu ambapo kipya kinashinda bila ubishi, na inabidi uzijue kabla ya kuamua.

Ukiwa na hedifoni kubwa za omu 300 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme), vicheza vingi vya zamani havina volti za kuzisukuma. Vitalia, lakini kwa unyonge, na ukipandisha sauti hadi mwisho vinaanza kukwaruza. Ukiwa na iafoni nyeti sana, zile ndogo za kuingiza sikioni zenye viendeshi (vispika vidogo) kadhaa ndani, baadhi ya vicheza vya zamani vitakupa mnong'ono wa "shhh" nyuma ya sehemu tulivu. Kuna pia suala la upinzani wa tundu lenyewe la hedifoni. Ukiwa mkubwa, iafoni ambazo upinzani wake hupanda na kushuka kulingana na masafa zitabadilika tabia, mara besi imepungua, mara sauti za juu zinachoma. Mafundi wana kanuni nyepesi: upinzani wa kicheza usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Vicheza vipya vizuri huwa chini ya omu moja au mbili. Lakini hata hapa usikimbilie kuhukumu kwa umri: Sansa Clip+ ya SanDisk, kidude cha mwaka 2009 chenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, ilisifiwa na wapimaji kwa jambo hilohilo, na ina nafasi ya kadi ya memori. Ninayo. Ndiyo ninayovaa nikifanya mazoezi.

Bluetooth pia. Vya zamani vingi havina. Unaweza kuchomeka kirushio kidogo kwenye tundu la milimita 3.5, kinafanya kazi, ila ni kitu kingine cha kuchaji na kingine cha kupoteza. Vipya vinaweza kutuma kwa LDAC, njia ya Sony ya kubana sauti ya Bluetooth, hadi kilobiti 990 kwa sekunde. CD yenyewe ni 1,411, kwa hiyo hata hapo kuna kinachobanwa. Mtu anayekuambia amenunua kicheza cha biti 24 ili asikilize kwa Bluetooth ya kawaida, mpe pole.

Kuhusu biti 24 na kilohezi 192 nitasema kidogo tu kwa sababu ugomvi wake hauishi. CD hutumia biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Hiyo inatosha kubeba masafa hadi kilohezi 22.05, na sikio la kijana mwenye afya linaishia karibu na 20, kisha linapungua kadiri miaka inavyokwenda. Namba kubwa zina kazi yake studio, wakati wa kurekodi na kuchanganya. Mfukoni mwako zinajaza kadi.

Tuje kwenye vifo sasa.

Kicheza changu kipya hakikuanguka wala kuingia maji. Siku moja programu ya kutiririsha muziki niliyoitegemea iliniambia haitumiki tena kwenye toleo la Android nililonalo. Nikatafuta toleo jipya la mfumo kwa mtengenezaji. Halikuwepo, na mtengenezaji alikuwa ameshatoa modeli nyingine mbili tangu nilipokinunua. Nilimwandikia. Alinijibu kwa adabu sana akinipendekezea hiyo modeli mpya. Skrini yangu nzima, chipu nzima, tundu zima, vifungo vizima. Kimezeeka kwa sababu kuna mtu mahali fulani ameamua kimezeeka. Faili zangu mwenyewe bado kinapiga, lakini nusu ya hela niliyotoa ilikuwa kwa ajili ya kutiririsha. Na betri yake imegandishwa kwa gundi nyuma ya skrini ya kioo. Iliniuma, na inaniuma ninapoandika hapa.

Vya Android vina deni jingine, chaji. Angalieni namba za Sony wenyewe: NW-A55 ya mwaka 2018, iliyotumia mfumo wao mwepesi, walitangaza saa 45 za MP3. NW-A105 ya mwaka 2019, iliyokuja na Android, walitangaza 26. Mfumo unaofanya mambo mengi unakula hata wakati hufanyi lolote.

Wala msidhani kifo cha programu kimeanza jana. Tarehe 31 Desemba 2008, vicheza vya Zune 30 vya Microsoft viliganda kwa pamoja. Mwaka ule ulikuwa na siku 366, na msimbo wa saa ndani ya kifaa haukujua la kufanya na siku ya mwisho. Ulizunguka hapohapo bila kutoka. Dawa ilikuwa kuacha betri iishe na kusubiri Januari mosi. Vilifufuka. Ambavyo havikufufuka ni huduma zake: mwezi Novemba 2015 Microsoft walizifunga, na wale waliokuwa na nyimbo zenye kufuli la leseni walionywa kwamba huenda zisicheze tena pale leseni itakaposhindwa kuhuishwa. Waliokuwa na MP3 za kawaida hawakuguswa.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Faili isiyo na kufuli inaishi kuliko kifaa. Hata MP3, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na hataza na ada, iko huru tangu mwaka 2017 Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyoshiriki kuibuni, walipofunga mpango wao wa leseni. Hakuna anayeweza kuamka asubuhi akaifuta.

Cha zamani nacho kilikufa, msidhani nawaficha. Kilianza kwa kugonga, tak, tak, tak, halafu wimbo unakatika katikati, halafu ikaja alama ya huzuni kwenye skrini. Diski ilikuwa imekwisha. Lakini kifo cha diski kina tiba. Nilikifungua kwa kipande chembamba cha plastiki, taratibu, upande kwa upande. Sehemu ya kuogopa kuliko zote ni utepe mwembamba unaounganisha mfuniko wa nyuma na bodi. Ukivuta kwa pupa umeukata, na hapo umepoteza betri au tundu la hedifoni au vyote. Diski ikatoka kwa kufyatua kijibano kidogo cheusi. Mahali pake nikaweka ubao wa kubadilisha unaopokea kadi za SD. Betri nikaweka mpya, na kwa kuwa kadi ni nyembamba kuliko diski, kwa modeli nyingine kunabaki nafasi ya betri nene zaidi. Matokeo: hakuna kinachozunguka tena, hakuna cha kugonga kikianguka, chaji inakaa kuliko siku kilipotoka kwenye boksi. Uzito umepungua pia. Tofali limekuwa jepesi.

Kwa wenye iPod, mjue yafuatayo kabla ya kununua ubao. Ya kizazi cha tano, ile ya video ya mwaka 2005 na ile iliyoboreshwa ya 2006, ndiyo rafiki wa mafundi, kwa sababu jalada la mbele ni la plastiki na linafunguka. Classic, iliyotoka mwaka 2007 na kuondolewa sokoni mwaka 2014, uso wake ni wa chuma na vijino vyake vinashika kwelikweli. Nimeona watu wakiukunja uso wote. Jingine: iPod inapakia orodha yote ya nyimbo kwenye memori yake. Ya video ya gigabaiti 30 ina memori ya megabaiti 32, ya 60 na ya 80 zina 64. Ukiweka kadi kubwa na nyimbo nyingi mno kwenye ile yenye 32, programu ya kiwandani itazidiwa. Rockbox hukuruhusu kupitia folda moja kwa moja, kwa hiyo tatizo hilo linapungua. Na haikufutii programu ya awali, unaweza kuwasha yoyote kati ya hizo mbili.

Vijana, nisikilizeni. Acheni kununua namba. Mnatoa mshahara mzima kununua kicheza cha chipu nne, halafu mnakichomekea iafoni zilizokuja bure na simu. Hedifoni ndiyo inayobadilisha sauti kuliko kifaa kingine chochote kwenye mnyororo huu, anzeni hapo. Kisha faili. MP3 iliyobanwa vibaya haiokolewi na dhahabu. Kisha ndipo mje kwenye kicheza, na mkifika kwenye kicheza, angalieni betri. Inafunguka? Inapatikana? Itabadilishwa na nani? Muuzaji akishindwa kujibu maswali hayo matatu, rudisha pochi mfukoni.

Ukinunua cha zamani kwa mtu, betri tena. Kiweke juu ya meza tambarare. Kikiyumba kama meza mbovu, au mfuniko umebenuka, au skrini ina doa linalokua ukibonyeza, betri imevimba. Usiichaji, usiitoboe, usiipinde kujaribu kuitoa. Chomeka hedifoni na uzungushe plagi. Ukisikia upande mmoja unapotea, tundu limechoka. Telezesha kitufe cha kufunga mara kadhaa. iPod za diski zina ukurasa wa uchunguzi uliofichwa, unaofunguka kwa kushikilia vitufe wakati wa kuwasha, na humo unaweza kuona ni sekta ngapi za diski zimeshahamishwa kwa kuharibika. Zikiwa nyingi, mwambie muuzaji akupunguzie kwa sababu diski hiyo utaitoa tu.

Na kisichotumika kisihifadhiwe kikiwa kimejaa chaji wala kikiwa tupu. Nusu, mahali pakavu pasipo na joto. Betri ya lithiamu iliyoachwa sifuri kwa muda mrefu inaweza isiamke kamwe. Nimesema betri mara ngapi? Nitasema tena.

Ndugu uliyeniandikia, wewe kwa sasa badilisha betri ya hicho cha kaka yako. Hela iliyobaki nunua hedifoni. Kama kweli unahitaji kutiririsha na Bluetooth, nunua kipya ukijua unanunua kifaa chenye umri wa simu, na uchague chenye nafasi ya kadi ili siku programu zikikukataa kibaki kupiga faili zako. Hao wa ofisini waambie waje nyumbani na mita.

Jambo la mwisho ni kadi, maana hapa ndipo watu wengi wanalia. Kadi kubwa kuliko gigabaiti 32 huja zimeandaliwa kwa exFAT, mpangilio mmojawapo wa kuhifadhi faili, na vicheza vingi vya zamani vinaelewa mpangilio wa FAT32 tu, kwa hiyo kifaa kitakuambia hakuna kadi ilhali ipo. Usimrukie aliyekuuzia kabla hujaiandaa upya kwa FAT32. Programu ya kawaida ya Windows ya kuandaa kadi kwa miaka mingi ilikataa kufanya hivyo kwa kadi zinazozidi gigabaiti 32, ila zipo programu ndogo za bure zinazofanya. Ukimaliza, ipime. Kadi bandia huandikwa ukubwa isio nao: ukinakili inapokea kila kitu bila kulalamika, kumbe nyimbo zinaandikwa juu ya nyimbo. Tumia programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Inaijaza kadi hadi mwisho kisha inasoma tena kila kitu na kulinganisha. Huchukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, iache usiku. Ikirudi na makosa, mrudishie muuzaji siku hiyohiyo, kabla hujahamishia hata wimbo mmoja.